Kati ya "Hakurudi" na "Hajarudi"

Kosa ninalotaka kulisimulia leo nililitenda kwa kalamu nyekundu.

Ilikuwa mwaka wa 2009. Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya upili viungani mwa mji wa Kitale, sijaanza bado masomo ya uzamili, nami nikiamini kwa dhati kwamba hakuna tatizo la lugha lisilotatuliwa na kamusi. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wameandika insha, na miongoni mwa madaftari arobaini na ushei niliyoyabeba nyumbani lilikuwamo la mvulana mmoja aliyehamia kwetu kutoka sehemu za Cheptais, upande wa pili wa Mlima Elgon. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Babangu alipotezwa mwezi wa Machi mwaka jana." Nililikata neno "alipotezwa", nikaandika juu yake "alipotea", na pambizoni nikaongeza: "Zingatia kauli za vitenzi." Kisha nikamwondolea alama moja.

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza katika semina ya walimu wa Kiswahili mjini Bungoma. Wakati wa chai alinijia mwanamume wa miaka thelathini hivi, naye ni mwalimu wa somo letu, akanisalimu kwa adabu ile ambayo mwanafunzi wa zamani haiachi hata akiota mvi. "Habari ya siku nyingi, mwalimu," akasema. Tulizungumza juu ya mvua na mahindi, juu ya mtaala mpya na uhaba wa vitabu. Hatimaye akaweka kikombe chini, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, lile neno sikulikosea. Nilijua 'kupotea', na nilijua 'kupotezwa'. Nilichagua."

Sikuwa na jibu. Nilipokuwa njiani kurudi nilijiuliza kama nitaliandika jambo hili gazetini au nitaliacha liwe siri yangu na kalamu yangu. Nimeamua kuliandika kwa kuwa linatuhusu sisi walimu, na linawahusu pia wanafunzi wetu, ambao kila mara jeshi linapotangaza kuandikisha makurutu huacha vitabu na kukimbilia uwanjani alfajiri, wavulana kwa wasichana, wapimwe kimo na kuhesabiwa meno. Wengi wa vijana hao nimewafundisha. Siwalaumu, na wala makala haya si ya kuwachukia wanajeshi.

Huenda wapo wasomaji, hasa wanafunzi, ambao hawakumbuki yaliyotokea Mlima Elgon. Chanzo ni ardhi, kama kawaida yetu. Wasabaot walidai tangu zamani kwamba nyanda za Trans Nzoia zilikuwa malisho yao kabla ya serikali ya kikoloni kuzikata mashamba na kuwagawia walowezi. Na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia baadhi ya walowezi hao walikuwa askari wa Uingereza waliotuzwa kwa utumishi wao. Msomaji aone jinsi jeshi linavyoingia katika habari hii tangu ukurasa wa kwanza. Baada ya uhuru, mnamo 1971, serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Chepyuk ili kuwahamishia huko watu walioondolewa katika nyanda za juu za Chepkitale. Mradi ulipimwa na kupimwa upya, ukagawanywa awamu baada ya awamu, na kila awamu ikaacha watu wenye hati na watu wasio nazo wakitazamana. Ugawaji wa awamu ya tatu, mnamo 2006, ndio uliowasha moto. Kundi lililojiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Wasabaot, lililojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza SLDF, lilishika silaha chini ya Wycliffe Matakwei.

Ni lazima niseme wazi kundi hilo lilifanya nini, maana wako wanaotaja makosa ya jeshi na kuyafumbia macho ya waasi. SLDF liliwaua watu, likawakata wengine masikio, likawatoza wanavijiji kodi yake, likawabaka wanawake na kuwafukuza maelfu kwa maelfu. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu zaidi ya 600 waliuawa na kundi hilo. Kitale na Bungoma zilijaa wakimbizi. Mwezi wa Machi 2008 jeshi lilipopelekwa mlimani, raia wengi walilipokea kwa shangwe. Matakwei mwenyewe aliuawa Mei mwaka huo. Watu wakaanza kulala tena katika nyumba zao.

Lakini namna jeshi lilivyoifanya kazi hiyo ndiyo inayoniuma. Wanaume na wavulana walikusanywa kutoka vijijini, wakapakiwa katika malori na kupelekwa kambini, hasa katika kambi ya Kapkota. Huko walipitishwa mbele ya watoa habari waliofichwa nyuso, wakatengwa kwa ishara ya kichwa, huyu kando, huyu nyumbani. Wengi walipigwa vibaya. Mamia walifikishwa katika mahakama ya Bungoma, na madaktari wa mashirika ya haki waliowachunguza wafungwa walikuta alama za mateso mwilini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti yake mwaka ule ule, na wengine wakafuata, jeshi likakana. Wapo pia waliopelekwa kambini na ambao hawakufikishwa mahakamani, hawakurudishwa nyumbani, wala hawakuonekana katika chumba chochote cha maiti. Katika ripoti ya mwaka 2011, Human Rights Watch ilisema kwamba watu zaidi ya 300 walikuwa hawajulikani walipo, wengine wakiwa wamechukuliwa na SLDF na wengine na vikosi vya serikali.

Babake mwanafunzi wangu alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa asubuhi akiwa anakama ng'ombe.

Operesheni hiyo iliitwa "Okoa Maisha". Mwanaisimu hawezi kulipita jina kama hilo bila kusimama. Ni sentensi ya amri, nafsi ya pili umoja, na amri ya Kiswahili ina tabia ya kumficha anayeamriwa. Nani aokoe? Maisha ya nani? Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia, operesheni iliitwa "Linda Nchi", ya muundo ule ule. Sijui kama wanaobuni majina haya hukaa kitako na kuyajadili, lakini wana sikio zuri la lugha. Amri fupi ya Kiswahili hukubaliwa na masikio yetu kabla akili haijauliza swali.

Na hilo si ajabu, kwa kuwa Kiswahili na jeshi katika Afrika Mashariki ni ndugu wa toka nitoke. Tazama tu msamiati: jeshi, askari na bunduki vimetoka Kiarabu, afande ametoka Kituruki. Kwa babu zetu wa Bungoma, wengi wao walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu wenye bunduki. Mwaka wa 1895 Wabukusu walipopigwa katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, msafara wa Waingereza uliowapiga ulikuwa na askari wa Kisudani na watu wa Buganda, na kwa wakazi wa ngome zile lugha ya msafara ilikuwa lugha ya kuamriwa kutoka nje mikono juu. Baadaye likaja jeshi la King's African Rifles, lililoundwa 1902, ambalo wazee walizifupisha herufi zake wakaliita Keya. Jeshi hilo lilichukua vijana wa kila kabila, likawapa Kiswahili cha kambini, kikavu, kisicho na ngeli nyingi, chenye amri tele, nao wakarudi nacho makwao. Watu wa pwani walikicheka Kiswahili hicho. Mimi nimekisikia kwa mababu wawili watatu waliopigana Burma, wala sikukicheka, kwa sababu ni wao waliotufikishia lugha hii bara kabla ya mwalimu yeyote mwenye shahada.

Urithi huo, hata hivyo, una upande wake wa giza. Lugha iliyofika kwa mdomo wa askari imetuzoesha kusema na dola kwa njeo moja tu, ya kuamriwa na kutii. Mwananchi anapotaka kuihoji dola, hasa dola yenye bunduki, hukosa kitenzi. Hapo ndipo "alipotezwa" ya mwanafunzi wangu inapoingia.

Kitenzi "kupotea" hakimhitaji mtu wa pili. Mbuzi hupotea, ufunguo hupotea, mtoto hupotea sokoni Chwele siku ya mnada. Lawama, kama ipo, humwangukia aliyepotea mwenyewe: kwa nini hakuangalia njia? "Kutoweka" nako ni vivyo hivyo. Moshi hutoweka na umande hutoweka. Vitenzi hivi ni vya maumbile, havina mkono. Ukiandika katika ripoti kwamba watu 300 walitoweka Mlima Elgon, umesema jambo la kweli, lakini umeusimulia mlima kama vile ulimeza watu wake.

Kiswahili kina dawa ya ugonjwa huu, tena tunaifundisha kila mwaka kwa mifano ya uji na sufuria. Ukitia kiambishi cha kutendesha, potea huwa poteza, toweka huwa towesha. Ukiongeza cha kutendwa, unapata potezwa na toweshwa. Sasa mlango umefunguliwa. Baada ya kitenzi kama hicho, sikio la Mswahili hungojea neno moja dogo, "na". Alipotezwa na... Hata mnenaji akinyamaza hapo kwa hofu au kwa busara, ule ukimya una umbo, na kila msikilizaji anajua kuna jina linalokosekana. Mvulana wa miaka kumi na sita alikuwa amelifahamu hilo kabla ya mwalimu wake. Alikuwa ameuacha mlango wazi makusudi, nami nikaupita nikaufunga kwa wino mwekundu.

Nilipoanza kulichunguza jambo hili kitaaluma niligundua kwamba watu wa Amerika ya Kusini walikwisha kulipitia. Katika Kihispania kitenzi cha kutoweka, desaparecer, kilikuwa kama chetu, hakichukui yambwa. Utawala wa kijeshi wa Argentina, kati ya 1976 na 1983, ulipoanza kuwachukua watu usiku, familia zao zililazimisha sarufi ipinde. Wakaanza kusema, kwa tafsiri ya neno kwa neno, "walimtoweka". Lilikuwa kosa la sarufi, hadi lilipokuwa lugha ya mahakama. Wao walihitaji kuvunja kanuni, ilhali sisi tuna kanuni tayari na hatuitumii.

Nchi iliyonifunza zaidi, hata hivyo, si Argentina kubwa bali Suriname, kijinchi cha pwani ya kaskazini ya bara lile, chenye watu wapatao laki sita tu. Wanaisimu tunakijua kwa krioli zake, lugha zilizozaliwa na watumwa wa Kiafrika katika mashamba ya Waholanzi: Sranan inayosemwa mijini, Ndyuka na Saramaka zinazosemwa msituni na wajukuu wa watumwa waliotoroka. Nilianza kwa kusoma habari za viambishi nikaishia kusoma habari za jeshi.

Suriname ilipata uhuru kutoka kwa Uholanzi Novemba 1975 na jeshi lake likaanza kutokana na kikosi alichokiacha mkoloni. Baada ya miaka minne na miezi michache tu, tarehe 25 Februari 1980, masajini kumi na sita waliokuwa na malalamiko yao ya kazi waliipindua serikali, wakiongozwa na Desi Bouterse. Msomaji atakumbuka kwamba sisi nasi tuliwahi kuonja jambo la namna hiyo: Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi kwa sababu ya mishahara na maafisa wa Kizungu, wakafuatwa na wa Uganda huko Jinja, kisha wa Kenya katika kambi ya Lanet tarehe 24. Maasi yetu yalizimwa upesi na wanajeshi wa Uingereza. Ya Suriname hayakuzimwa. Desemba 1982 wapinzani kumi na watano waliuawa katika ngome ya Zeelandia, mjini Paramaribo. Mnamo 1986 mlinzi wa zamani wa Bouterse, Ronnie Brunswijk, akaanzisha uasi msituni, na jeshi likaenda kuwasaka waasi.

Tarehe 29 Novemba 1986 askari walikifikia kijiji cha Moiwana cha Wandyuka. Waliwaua watu wapatao arobaini, wengi wao wanawake na watoto, wakachoma nyumba. Walionusurika walivuka mto wakaingia Guiana ya Ufaransa. Polisi aliyejaribu kuichunguza kesi hiyo, Inspekta Herman Gooding, aliuawa Agosti 1990. Kisha kimya.

Kesi ilipofika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, palikuwa na kikwazo. Suriname ilikuwa imeikubali mamlaka ya mahakama hiyo mwaka wa 1987, mwaka mmoja baada ya mauaji. Kwa hesabu ya kalenda, mahakama haikuweza kuyahukumu mauaji yenyewe. Ikafanya jambo ambalo mimi, kwa macho yangu ya sarufi, nimeliona kuwa la ajabu: iliacha njeo ya -li- ikashika ya -me-. Ikasema, katika hukumu ya tarehe 15 Juni 2005, kwamba kosa inalolihukumu ni kutochunguza, na kutochunguza hakukutokea siku moja kukaisha. Kunaendelea kila siku ambayo wafiwa hawajaambiwa ukweli na hawajapewa mabaki ya kuzika. Mahakama ilisikiliza jinsi Wandyuka wanavyoamini kwamba maiti isiyozikwa kwa taratibu zake haiachi walio hai wakae kwa amani, nayo haikuliita hilo ushirikina, ililiita dhara. Serikali ikaamriwa kuchunguza, kutafuta mabaki, kulipa fidia, kuwapa wanakijiji haki ya ardhi yao na kuomba radhi hadharani. Rais Venetiaan akaomba radhi mwaka 2006. Sisemi kwamba Suriname ikawa peponi, maana wananchi wale wale walimfanya Bouterse kuwa rais kuanzia 2010. Lakini alihukumiwa kifungo cha miaka ishirini kwa mauaji ya 1982, hukumu ikathibitishwa Desemba 2023, akajificha, akafa mafichoni Desemba 2024.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa nasi tulikuwa na kesi. Shirika la madaktari na wanasheria, IMLU, lilipeleka malalamiko ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huko Arusha mnamo 2010. Ngazi ya kwanza ya mahakama ilikubali kuisikiliza. Serikali ya Kenya ikakata rufani. Tarehe 15 Machi 2012 majaji wa rufani wakasema kwamba Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu, na kwamba hauna nafasi ya kosa linaloendelea. Kesi ikafungwa kabla ya shahidi yeyote kusema alichokiona Kapkota.

Siwalaumu majaji. Walisoma mkataba ulivyoandikwa, na walioandika mkataba ni serikali zetu. Lakini angalia mambo mawili haya yakiwa yamewekwa pamoja. Mahakama moja ilisema: hamjachunguza. Nyingine ilisema: hamkuja mapema. Tofauti ya ja na ku! Mwalimu wa darasa la sita huifundisha kwa dakika ishirini. "Hakurudi" ni habari iliyokwisha. Mlango umefungwa na watu wamekaa kula. "Hajarudi" ni habari ambayo ingali inatokea. Chakula kimefunikwa mezani, na kila mbwa abwekapo mtu huinua kichwa. Mjane wa mlimani anasema "hajarudi", sheria inataka aseme "hakurudi", na katikati ya viambishi hivyo viwili kuna shamba, akaunti ya benki na karo ya watoto.

Naam, karo. Bila cheti cha kifo mke si mjane, na asiye mjane hawezi kurithi wala kugawa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya huruhusu mtu adhaniwe kuwa amekufa asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetazamiwa kumsikia. Kwa waliochukuliwa 2008, miaka saba ilitimia 2015. Kwa mwanafunzi wangu muda huo ulikuwa sekondari yote na sehemu kubwa ya chuo. Aliniambia jinsi ami yake alivyolitaka lile shamba, si kwa ubaya sana, kwa hoja tu kwamba ndugu yake hayupo na mashamba hayalali. Isitoshe, kanuni ile ilitungwa kwa ajili ya mabaharia na wasafiri. Anayedhaniwa amekufa hana muuaji. Cheti humpa mke shamba, kisha kikamnyima swali.

Makabila ya magharibi yana njia zao za kuumaliza msiba usio na maiti. Waluo hulizika tunda la yago mahali pa mwili. Baadhi ya Waluhya huzika gogo la mgomba. Nimehudhuria maziko ya namna hiyo mara moja, wala sitasahau jinsi jeneza lilivyokuwa jepesi mabegani mwetu. Ni taratibu za hekima, kwa aliyezama ziwani au aliyefia ugenini. Ila humtaka mfiwa akubali kwanza kwamba msiba umekwisha, na hilo ndilo wengi wa mlimani waliloshindwa kulikubali.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofika sehemu hizo mwaka 2011, wanawake walisimama wakasema. Ripoti ya tume ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Machi 2015, akilihutubia Bunge, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa dhuluma za zamani, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioathirika. Niliisikiliza hotuba hiyo nikiwa na kalamu mkononi, kama kawaida ya watu wa taaluma yetu, na sikuidharau, kwa kuwa ni vigumu kwa dola kusema samahani. Lakini radhi ya jumla ni kama barua isiyo na anwani. Venetiaan aliombea kijiji kimoja kwa jina lake. Mke wa aliyechukuliwa akikama ng'ombe hakusikia kijiji chake wala kambi ya Kapkota. Kadhalika, mkataba wa kimataifa unaokataza kuwatowesha watu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2006, Kenya iliutia saini Februari 2007, mwaka mmoja kabla ya Okoa Maisha. Kutia saini si kuridhia, na miaka ikapita pasipo kuuridhia.

Nataka nisieleweke vibaya. Sidai kwamba kiambishi kitamrudisha mtu, wala kwamba kila aliyekosekana mlimani alichukuliwa na jeshi. Wapo ambao neno linalofuata "na" kwao ni SLDF, na familia zao zinangoja vilevile. Ninachodai ni kidogo zaidi. Ninadai kwamba sisi tunaoandika na kusahihisha, katika magazeti, katika vitabu vya historia na katika insha za watoto, tumekuwa tukiwasaidia wenye bunduki pasipo kuombwa. Soma habari zetu: "raia waliaga dunia katika operesheni", "vijana walipoteza maisha". Walipoteza maisha! Kana kwamba ni wao wazembe walioyaangusha njiani. Mhariri hufurahi kwa kuwa sentensi ni ya heshima, msomaji hupita, na "na" haingojwi tena na mtu.

Nilimwuliza mwalimu mwenzangu, pale Bungoma, kama mamake alikwenda kuomba kile cheti miaka saba ilipotimia. Alisema walikwenda, yeye na mamake na yule ami. Walifika mapema, wakapewa nafasi kwenye benchi. Zamu yao ilipofika, karani, kijana mpole tu, aliuliza tarehe aliyoonekana mara ya mwisho, mama akaitaja, siku na mwezi na mwaka na kwamba jua lilikuwa halijapanda. Karani akaandika. Kisha akauliza, kwa kufuata karatasi yake: "Na hakurudi?"

"Hajarudi," mama akasema.

Karani akaandika "hakurudi". Mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, aliomba asomewe kilichoandikwa, akasikiliza, akaomba kirekebishwe. Ami akamsihi. Mwanawe pia, nadhani, alimsihi, ingawa hilo hakuniambia. Walirudi nyumbani siku hiyo bila kutia kidole, na mpaka tulipoonana shamba lilikuwa lingali katika jina la babake.